Asubuhi Zilizomkimbia Ndizeye

Rozalia alianza kumwogopa mumewe kiangazi kile aliporudi kutoka hospitali bila macho. Usiku mmoja alishtuka usingizini akasikia mtu anafagia uani. Alipapasa kitanda, upande wa pili ulikuwa mtupu na umepoa. Akafungua mlango taratibu. Ndizeye alikuwa amevaa shati, amefunga vifungo vyote mpaka shingoni, anafagia chini ya mchikichi kwa utulivu kabisa.

"Bwakeye?" akauliza aliposikia bawaba. Ndivyo alivyomsalimia mkewe kila alfajiri, kwa Kirundi cha kwao: kumekucha?

Rozalia akatazama juu. Nyota zilikuwa zimejaa, na mbali ziwani karabai za wavuvi wa dagaa zilikuwa bado zinawaka kama mji.

"Baba Carmen, huu ni usiku wa manane."

Ndizeye akasimama na ufagio mkononi. Akageuza uso huku na huku, kama mtu anayetafuta joto la jua mashavuni.

"Usinitanie, Mama Carmen. Usingizi umeniisha. Njaa ya asubuhi inaniuma, na tumbo limeshaniita chooni. Usiku wa manane gani huo?"

Alimshika mkono akamrudisha ndani. Ndizeye alilala chali, hakufumba kitu kwa sababu hakuwa na cha kufumba, akaanza kuzungumza naye habari za mchana. Rozalia aliisikiliza gizani ile sauti iliyochangamka mpaka adhana ya alfajiri ikalia.

Ndizeye aliletwa Ilagala na mtumbwi mwaka wa sabini na mbili, kijana mdogo amejikunja miguuni pa mama yake, wakati Warundi walipokuwa wakivuka ziwa kwa makundi. Mama hakuishi sana. Kijana alichukuliwa na wavuvi, akajifunza kushona nyavu, kupiga kasia, kusoma upepo, na miaka ilipopita akawa mtu wa Ilagala kama wengine. Alimwoa Rozalia, binti wa Kiha wa palepale kijijini. Mungu aliwapa mtoto mmoja, Carmen, ambaye sasa alikuwa ameolewa kule Mwamgongo. Kisha siku moja mtu ambaye hakujulikana alichanganya petroli kwenye mafuta ya taa. Ndizeye alikuwa ameinama juu ya karabai akiipampu, ikamlipukia usoni. Madaktari walijitahidi, mwisho wakayatoa macho yote mawili, wakamrudisha nyumbani na miwani myeusi.

Mwanzoni aliishi vizuri tu. Rozalia alimfungia kamba kutoka mlangoni mpaka chooni, na nyingine kutoka mlangoni mpaka ufukweni, ili asubuhi aende kunawa na kukaa kwenye jiwe lake akishona nyavu za watu. Lakini baada ya muda usingizi ulianza kumchelewa. Leo alilala baadaye kidogo kuliko jana, kesho baadaye kuliko leo, na kuamka nako kukasogea vivyo hivyo, mpaka akawa analala jua likiwaka na kukesha watu wakiwa wamelala. Akiwa katika siku hizo, ugali wa mchana aliusukuma pembeni kwa kichefuchefu, na katikati ya usiku aliomba chakula kama mtu aliyetoka kulima. Mchana mwili wake ulipoa, Rozalia akamfunika blanketi wakati wengine wanatafuta kivuli. Kisha, bila dawa wala tambiko, usingizi uliendelea kusogea mpaka ukazunguka ukarudi mahali pake, akalala usiku kama watu. Siku chache za raha. Halafu unaanza tena kuponyoka.

"Rozalia," alimwambia siku moja, na hakuwa na kawaida ya kumwita kwa jina, "mimi naona ninachanganyikiwa. Mwili wangu unaniambia uongo, na mimi nauamini."

Majirani nao walikuwa na masikio. Kipofu anayekesha, anayefagia usiku, anayecheka peke yake uani, ni mtu wa namna gani? Mama mmoja alisema kwamba Ndizeye mchana hulala kwa sababu usiku ana safari zake. Neno uchawi halikusemwa kwa sauti, lakini kwetu neno la namna hiyo limewahi kuchoma nyumba za watu. Rozalia alipoanza kuona watoto wanavushwa upande wa pili wa njia wakifika karibu na kwake, alielewa.

Leodgar, kaka yake mkubwa, alimjia. "Dada, toka hapo. Shemeji simchukii. Lakini kilichomuingia ndani si kitu cha kulala nacho chumba kimoja. Njoo nyumbani mpaka wazee wamtazame."

"Nikiondoka nani atamwambia kwamba ni usiku?"

Leodgar akaenda zake.

Rozalia alimpeleka mumewe zahanati. Nesi aliyekuwapo aliitwa Diana, mwanamke mpole aliyewahi kufanya kazi na daktari wa macho. Alimwuliza Ndizeye maswali mengi ya ajabu: njaa inakuja lini, anakojoa sana wakati gani, anaona baridi saa ngapi. Mwisho akaketi kwenye benchi pamoja nao.

"Hakuna kilichokuingia, mzee wangu. Kila mtu ana saa ndani ya kichwa, nyuma ya macho. Ndiyo inayouambia mwili sasa lala, sasa amka, sasa ona njaa. Lakini hiyo saa haiendi sawasawa na jua. Kwa wengi wetu inachelewa kidogo kila siku. Asubuhi mwanga unaingia machoni, unaisahihisha, nasi hatujui kama ilichelewa. Kwako mwanga hauna pa kuingilia. Basi inachelewa leo, inachelewa kesho, mpaka inazunguka yote."

"Na dawa yake?" Rozalia akauliza.

"Hapa sina. Mpe chakula saa zilezile kila siku hata kama hakitaki. Mtembeze asubuhi atoke jasho. Mchana asilale sana. Inaweza kuivuta saa kidogo. Inaweza pia isiivute, mama, sitaki kukudanganya."

Njiani Ndizeye alishika bega la mkewe, akatembea hadi karibu na nyumbani. Ndipo akasema, "Afadhali. Nilidhani ni wazimu." Lakini Rozalia hakuona nafuu. Wazimu watu wangeuonea huruma. Habari ya saa iliyofichwa kichwani, nani Ilagala angeiamini?

Mwaka ule ulikuwa mbaya hata kwa watu wenye macho. Ng'ambo, kule Burundi, kulikuwa na vita, watu walikuwa wanavuka tena kila wiki, na bunduki nazo zilivuka. Maduka mawili yalivamiwa. Sungusungu, walinzi wa kijiji, waliongezwa, wakazunguka usiku kucha na mapanga na filimbi. Kisha likaja tangazo kwamba Warundi wote wanaoishi vijijini, hata wale wa zamani, watachukuliwa kupelekwa kambini. Wengine walisema ni uvumi. Wengine walishaona malori upande wa Simbo. Rozalia alimkataza mumewe kukanyaga nje usiku, hata chooni, bila yeye. Walipolala alifunga pindo moja la kanga yake kwenye kifundo cha mkono wa mumewe na la pili kwenye mkono wake mwenyewe, ili akiamka naye aamke.

Ndizeye alikubali. Lakini alimwonea huruma. Alijua mwanamke huyu anashinda shambani na kukesha naye pia. Na usiku mmoja aliamka akiwa mwepesi, ameshiba usingizi, akasikia jogoo anawika, na wa jirani akamjibu. Alitega sikio asikie adhana, hakusikia. Akadhani imempita usingizini. Redio ilikuwa imeisha betri. Ufukwe ulikuwa kimya, lakini hilo halikumshangaza, kwa sababu mwezi ulikuwa mpevu na mwezi ukiwa mpevu wavuvi wa dagaa hupumzika, hata asubuhi hakuna kelele za wanunuzi. Alilifungua lile fundo polepole asimwamshe mkewe, akatafuta kamba, akaifuata kwenda kunawa uso.

Jogoo walikuwa wamedanganywa na mbalamwezi. Hata saa saba ya usiku ilikuwa haijafika.

Ilagala ipo karibu na pale Malagarasi unapoingia ziwani, na usiku viboko hutoka majini kula majani mpaka kwenye bustani za watu. Ndizeye aliponawa na kugeuka arudi, kamba mkononi karibu na jiwe lake, alisikia mbele yake majani yanang'olewa, kisha pumzi nzito. Alidhani ni ng'ombe.

"Nani kafungulia mnyama hapa?" akauliza kwa sauti ya kawaida. "Wewe mwenye ng'ombe, atakula mboga za watu."

Kutafuna kukakoma.

Baadaye alisema hapo ndipo ngozi yake ilipojua kabla yeye hajajua. Hewa iliyomfikia haikuwa ya alfajiri. Alfajiri ya ziwani ina ubaridi wake na umande wake, na hii ilikuwa hewa ya usiku mzito. Halafu harufu ikaja, harufu ya tope na samadi ya majini, harufu ambayo mvuvi yeyote anaifahamu. Na nyuma yake, mgongoni kabisa, alisikia maji yanagonga jiwe. Akaelewa kwamba amesimama kati ya kiboko na ziwa. Mtu akimzibia kiboko njia ya majini, mara nyingi hasimulii.

Rozalia aliamka kwa sababu mkono wake ulikuwa mwepesi. Alivuta kanga, ikaja yote. Alitoka mbio bila viatu, akaishika kamba, akaona kwa mbali shati jeupe limesimama kwenye mwanga wa mwezi, na mbele ya lile shati kitu cheusi kikubwa kama nyumba ya kuku. Alitaka kumwita, sauti ikakataa, na hiyo ndiyo iliyowaokoa, maana kelele ingemshtua mnyama.

Sungusungu walikuwa wanapita juu ya ufukwe, nao walikuwa wameisikia sauti ya Ndizeye akimwuliza mwenye ng'ombe. Kamanda wao, Gervasi, ndiye aliyekuwa mbele. Aliona mtu, akainua filimbi mdomoni. Kisha akaona kile cheusi, akaishusha. Akawaambia vijana wake wazime tochi.

"Mzee Ndizeye," akasema kwa sauti ya chini, ile ya mtu anayemwimbia mtoto. "Ni Gervasi. Usinijibu. Upande wa mkono wako wa kushoto kuna mtumbwi umepinduliwa. Nenda polepole, usiburute miguu. Mwachie njia."

Ndizeye akaiacha kamba. Tangu apofuke hakuwahi kutembea ufukweni bila kamba ile. Alisogea kwa nyayo, akipapasa hewa, na kiboko naye akageuza kichwa kumfuata. Rozalia aliona mkono wa mumewe unagusa mtumbwi, akamwona anainama, anatambaa nyuma yake. Mnyama alisimama muda ambao hakuna aliyethubutu kuupima. Ghafla akatimka, akapita palepale aliposimama Ndizeye, jiwe la kushonea nyavu likaviringika, maji yakapasuka.

Walimkuta amejikunja mchangani, anauliza neno lilelile: "Bwakeye? Jamani, bwakeye?"

"Oya," Rozalia akamjibu, amemkumbatia. Hapana. Bado.

Hawakuachwa waende nyumbani. Mrundi, usiku, ufukweni, katika mwaka ule. Vijana wa sungusungu walisema labda alikuwa anapokea mtumbwi wa majambazi. Ndizeye alifungiwa stoo ya ofisi ya kijiji mpaka asubuhi, na asubuhi watu wakajaa. Rozalia alisimama mbele ya mwenyekiti akaeleza aliyoambiwa na nesi. Alieleza vibaya, kwa hofu, akirudiarudia. Mtu wa nyuma akasema kwamba saa haikai kichwani, inakaa mkononi, wengine wakaguna. Nesi Diana aliitwa, akaeleza vizuri zaidi, nao wakamsikiliza kwa adabu bila kuamini. Yule mama jirani akasimama akasema wazi kile alichokuwa akinong'ona: kipofu huyu anaona usiku.

Gervasi alikuwa ameegemea ukuta, hajalala. "Mama," akasema, "mimi nilikuwapo. Mtu anayeona usiku hawezi kumwona kiboko akauliza mwenye ng'ombe ni nani. Nilimsikia kwa masikio yangu. Alidhani ni asubuhi."

Leodgar, aliyekuwa amekaa mbali na dada yake, alinyanyuka akaenda kusimama karibu naye.

Mwenyekiti akapumua. "Habari ya uchawi tumeimaliza, na asiirudie mtu. Lakini kuna jambo moja siwezi kulimaliza mimi. Amri ya Warundi imefika. Lori linakuja."

Rozalia hakuwa amefikiria kwamba kitu kile kingine, kile kikubwa zaidi, kilikuwa kimesimama nyuma ya hiki muda wote.

Lori lilikuja siku ya pili, mchana. Ndizeye alikuwa katikati ya usingizi wake mzito, ule wa usiku wa manane wa mwili wake. Walimtikisa, akaketi, akaanguka tena ubavu. Askari mmoja akauliza kama amelewa. Leodgar na Gervasi wakambeba mpaka kwenye lori kama mgonjwa, kichwa kinaning'inia. Ofisa aliyekuwa na orodha alimtazama Rozalia.

"Wewe ni Muha. Raia. Baki nyumbani kwako, utamtembelea."

Rozalia alitazama ile miili iliyobanana ndani ya lori, wanawake na masufuria, wazee wanaolia bila sauti. Aliwaza habari ya kambi asiyoijua, walinzi wasiomjua mumewe, usiku usio na kamba. Aliogopa kupanda kuliko alivyoogopa kitu chochote maishani mwake. Alituambia hivyo mwenyewe. Akamwomba kaka yake amtunzie mbuzi, akapanda.

Walipelekwa kambi moja ya wilaya ya Kasulu. Siku za kwanza Rozalia alilala amejilaza kwenye mlango wa hema, mgongo umeziba njia, ili mumewe asiweze kutoka bila kumkanyaga. Usiku tochi za walinzi zilipita karibu, mbwa wakabweka, na Ndizeye akiwa macho alikaa kitako karibu na kichwa chake, amekatazwa kusema, amekatazwa kukohoa. Walishikana mikono kama wezi waliojificha. Mara mbili walinzi waliingiza tochi ndani, na mara zote mbili Rozalia alijifanya anamnywesha mgonjwa maji.

Lakini alishika maneno ya nesi. Kila asubuhi, ndege wakianza tu, alimwamsha hata kama alikuwa amelala kwa kitambo kidogo, akamtembeza kuzunguka kiwanja cha mpira mpaka jasho likamtoka. Kisha uji wa moto. Mchana alimpa kazi ya kusuka kamba za katani, na akisinzia alimwita. Kulikuwa na siku alimwita huku analia, kwa sababu kumwamsha mtu ambaye mwili wake uko usiku ni kama kumtesa, na Ndizeye alimwomba, "Niache, mke wangu, niache kidogo tu," naye hakumwacha. Majirani wa Kirundi walimwona mwanamke katili.

Ile saa ilivutika kiasi. Ilizunguka polepole zaidi, na siku njema zikawa nyingi kuliko zamani. Haikusimama. Kila ilipogeuka Rozalia aliijua kabla ya Ndizeye, kwa jinsi alivyosukuma sahani ya mchana, na hofu yake ilirudi upya kana kwamba ni mara ya kwanza.

Miaka ilipita kabla hawajapewa kibali cha kurudi Ilagala, kwa kuwa mke ni raia na mume ni kipofu. Leodgar aliwapokea kivukoni. Mbuzi walikuwa wamezaana. Yule mama jirani alileta bakuli la dagaa, nao walilipokea.

Ndizeye aliishi mvua mbili tatu baada ya hapo. Siku ya mwisho ilikuwa katika zile siku zake za kulala mchana, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Carmen alikuwa amekuja na wanawe kutoka Mwamgongo, na Rozalia alishinda akiwafukuza watoto dirishani: babu yenu amelala, nendeni mkacheze mbali. Alipika, akafunika sahani yake. Jua lilipozama aliingia kumwamsha, kwa maana ndio ulikuwa wakati wake wa kuamka, akamgusa shavu, lilikuwa limepoa.

Alikaa kitandani kando yake bila kuita mtu mpaka Carmen alipokuja na taa. Walipomuuliza baadaye alikuwa anafanya nini muda wote ule, alisema alikuwa anangoja tu aamke. Alikuwa amezoea kwamba huenda ameikosea saa.